Sukari ya mwanangu imetulia: je, niache sindano?

*"Docta, jambo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Kadutu, Bukavu. Kijana wangu wa pili ana miaka 11 na kilo 30. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana alianza kunywa maji kupita kiasi, akawa anakojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha zamani, na akakonda. Tulimtibu malaria mara mbili. Familia ya baba yake ikasema ni karuho, yaani sumu ya kulishwa na mtu, akapewa dawa ya kutapisha. Siku ya tatu hakuamka vizuri, alikuwa anahema kwa nguvu. Hospitalini mashine ilishindwa hata kusoma namba kwa jinsi sukari ilivyokuwa juu. Wakasema ni kisukari cha watoto, kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka. Alitoka na insulini yuniti 28 kwa siku. Sasa miezi minne imepita, wamempunguzia hadi yuniti 9, asubuhi sukari yake iko kati ya 95 na 130 (mg/dL), amenenepa, anacheza mpira. Wiki iliyopita ilishuka hadi 58 akiwa shuleni, akatetemeka, mwalimu akaogopa. Kwenye chumba cha maombi wanasema amepona, na kwamba nikiendelea kumchoma sindano naikataa kazi ya Mungu. Shangazi yake analeta majani ya mubirizi, ule mti mchungu wa dawa, anasema ndiyo yaliyomsafisha. Insulini inatugharimu, na mimi mwenyewe nimechoka kumchoma mtoto. Naweza kuacha? Na mdogo wake wa miaka 6, naye ataupata? Nilikosea wapi?"*

Mama, nianze na lile lisilongoja: usiache insulini. Leo jioni mpe dozi yake kama ilivyoandikwa kwenye daftari, na kesho asubuhi uwapigie waliomtibu uwaeleze ile 58, maana hiyo nayo haifai kusubiri tarehe ya kurudi kliniki. Sasa tukae tuzungumze sababu, kwa kuwa amri tupu haitakusaidia utakapokuwa umekaa na shangazi upande mmoja na watu wa maombi upande mwingine.

Unachokiona ni kweli. Sukari imetulia, dozi imeshuka, mtoto amerudi mpirani. Hakuna anayekudanganya kuhusu hayo. Wanapokosea ni pale wanapoeleza sababu yake, na kosa hilo ndilo linalonitia hofu kuliko jambo lingine lolote katika barua yako. Nimepokea watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa hoi wiki chache baada ya familia kushangilia kwamba wamepona. Wazazi wao walikuwa watu makini kama wewe. Walisoma namba nzuri kwenye mashine wakaziamini.

Tuanzie ndani ya mwili. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, na ndani yake kuna vikundi vidogo vya seli vinavyotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoruhusu sukari itoke kwenye damu na kuingia katika misuli na viungo vingine ikawe nguvu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutambua wadudu wa maradhi na kuwaua, kwa baadhi ya watoto hukosea shabaha. Askari wake wanaziona seli za insulini kama adui na kuziua moja baada ya nyingine. Kazi hiyo huenda kimya kwa miezi, mara nyingi kwa miaka. Mtoto anasoma, anacheza, hana dalili yoyote. Siku kiu na mikojo vinapoanza, sehemu kubwa ya seli zimeshakwisha. Ni jamii ileile ya maradhi ambayo kwa mtoto mwingine kinga inashambulia maungio ya mifupa, kama magoti, yakavimba na kukakamaa asubuhi, kwa mwingine tezi ya shingo, na kwa binti mwingine ngozi na figo, ule ugonjwa uitwao lupasi.

Sasa, kwa nini dozi ya mwanao imeshuka? Siku alipougua sana, seli chache zilizobaki hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimelemewa. Sukari ikikaa juu sana kwa muda mrefu, yenyewe huwa sumu kwa seli hizo na kuzizimisha. Fikiria wapagazi kumi waliopewa kazi ya kupandisha mizigo yote kutoka ziwani mpaka soko la Kadutu. Wanane wameondoka, wawili waliobaki wamebebeshwa mpaka wameanguka. Ukileta gari likachukua sehemu kubwa ya mzigo, wale wawili wanainuka, wanapumua, wanaanza kubeba tena kidogo. Gari hilo ni sindano zako. Namba nzuri unazoziona asubuhi zinatokana na sindano na seli hizo chache zikifanya kazi pamoja. Hospitalini utasikia wakikiita kipindi hiki fungate. Kwa kawaida tunakitambua pale mtoto anapohitaji chini ya nusu yuniti kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, huku sukari ikiwa nzuri. Mwanao ana kilo 30, kwa hiyo mpaka wake ni yuniti 15. Yuko kwenye 9. Yumo ndani kabisa.

Kipindi hiki hudumu wiki kadhaa au miezi, kwa wachache hupita mwaka. Kisha huisha, kwa sababu kinga haijaacha kuzishambulia seli zilizobaki. Huisha bila kubisha hodi: mara nyingi ni homa au malaria inayokifunga, mwili unahitaji insulini nyingi kwa ghafla na seli hazina tena cha kutoa. Mtoto anayepata sindano zake wakati huo ataonyesha sukari ya 220, ya 280, utawapigia, wataongeza dozi, na kesho yake ataenda shule. Mtoto aliyeachishwa hana cha kumshika. Sukari inajaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli, mwili unaona njaa katikati ya shibe, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na mafuta yale yanatoa asidi ziitwazo ketoni. Ndizo zilizomfanya kijana wako aheme kwa nguvu mwezi ule. Hazikuwa pepo, na mapafu yake hayakuwa na kasoro. Mwili ulikuwa unajaribu kutoa asidi kwa njia ya pumzi. Kutoka kutapika mara ya kwanza mpaka kupoteza fahamu, kwa mtoto asiye na insulini kabisa, inaweza kuwa siku moja.

Kabla ya mwaka 1922 hakukuwa na mtoto aliyeishi na hali hii kwa muda mrefu, popote duniani, katika dini yoyote, kwa mti wowote. Wengi walikufa ndani ya miezi, na waliocheleweshwa kidogo walicheleweshwa kwa kunyimwa chakula. Mwezi Januari mwaka huo, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini ya kwanza iliyotolewa kwenye kongosho la mnyama. Aliishi miaka 13 zaidi. Leo watoto waliopata insulini kila siku wamekuwa wazee wenye wajukuu. Nakuambia haya kwa sababu huku Kivu watu wengi waliiona insulini kwa mara ya kwanza kwa babu aliyekuwa amekatwa mguu na kubakiza siku chache, wakahitimisha kwamba sindano ndiyo inayoua, au kwamba ukiianza inakuzoeza. Insulini haimzoezi mtu. Wewe na mimi tunaitumia kila saa, ila miili yetu inajitengenezea.

Kuhusu ile 58. Katika kipindi hiki sukari kushuka ni jambo la kutarajiwa, maana seli zilizoamka zinatoa insulini yao juu ya ile uliyomchoma. Kwa hiyo ni kweli kwamba dozi huenda inahitaji kupunguzwa tena, labda kwa yuniti moja au mbili, na daktari wake ataangalia ni ya asubuhi au ya jioni kwa kusoma daftari lako. Kupunguza ni sawa. Kufikisha sifuri hapana. Hata dozi ndogo inazipumzisha seli zilizobaki, na mtoto anayebaki na seli chache zinazofanya kazi sukari yake huwa rahisi kuisimamia kwa muda mrefu zaidi. Mwalimu naye afundishwe: mtoto akitoka jasho, akitetemeka, akikasirika bila sababu au akianza kusinzia darasani, apewe papo hapo vijiko vidogo viwili au vitatu vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida nusu kikombe. Baada ya dakika 15 apimwe tena, kisha ale kitu. Asipelekwe nyumbani kwa miguu peke yake. Akizimia asinyweshwe chochote, apakwe sukari au asali ndani ya shavu na akimbizwe hospitali. Ningependa kila asubuhi umwekee vipande vya sukari mfukoni, kwenye suruali aliyoivaa, si kwenye mkoba unaobaki darasani wakati wa mpira.

Ulikosea wapi? Hapana, mama. Hukumpa ugonjwa huu kwa chai yenye sukari wala kwa mandazi. Kisukari kinachohusiana na unene na ulaji ni kingine, ingawa jina ni moja. Chanjo haikuuleta. Watoto wenzake hawawezi kuambukizwa, wacha wale sahani moja. Na karuho: najua Bukavu neno hilo lina uzito gani, najua mtoto akikonda ghafla macho ya watu yanaanza kutafuta jirani wa kumlaumu. Lakini nchi inayoongoza duniani kwa ugonjwa huu ni Finland, kule kaskazini ya Ulaya, ambako kila mwaka watoto zaidi ya 50 kwa kila 100,000 wanaugundua. Kisiwa cha Sardinia, Italia, nacho kiko juu sana. Hakuna aliyewalisha sumu. Mtoto huzaliwa na urithi unaomweka karibu na ugonjwa, kisha kitu kinaiwasha kinga. Virusi vya kawaida vinashukiwa, ila haijathibitishwa kwamba ni kimoja tu. Katika barua yako ninachokiona ni mama aliyempeleka mtoto kutibiwa mara mbili na kuambiwa malaria. Homa, kutapika na kuchoka vinafanana. Kilichokosekana ni tone moja la damu kwenye mashine ya glisemi, ile ya kupima sukari, na kukumbuka tone hilo ni wajibu wetu sisi madaktari kwa kila mtoto anayekunywa sana, kukojoa sana na kukonda.

Yule mdogo wa miaka 6. Katika nchi zilizofuatilia familia kwa muda mrefu, ndugu wa mtoto mgonjwa wanaoupata ni karibu 5 kati ya 100. Kwa hiyo huenda kabisa asiupate. Usimnyime chakula wala usimchome kidole kila wiki. Akianza kuamka usiku kwa kiu au kulowesha kitanda, mpime siku hiyohiyo. Ipo dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022, teplizumabu, inayoweza kuchelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili kwa mtoto ambaye vipimo vinaonyesha shambulio limeshaanza ndani kwa ndani. Ni ghali mno, haijatufikia, wala haiponyeshi. Nakutajia tu ili mtu akikuambia kuwa Ulaya wana dawa ya kuumaliza, ujue ilipofikia.

Kuna jambo moja linalohitaji ukweli zaidi. Uliambiwa kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka, na kwa mtoto wa umri wake aliyeanza kwa namna hiyo ndivyo sisi madaktari tunavyodhani kwanza. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, uligundua kwamba karibu theluthi mbili ya vijana waliokuwa wakitibiwa kisukari aina ya kwanza, hicho ulichoambiwa ni cha watoto, hawakuwa na alama za kawaida za kinga kujishambulia kwenye damu yao. Huenda Afrika tuna aina nyingine ambayo bado haijaeleweka vizuri. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua rasmi kisukari kinachohusiana na utapiamlo. Je, mwanao anaweza kuwa mmoja wa hao? Inawezekana. Vipimo vya kutofautisha vipo, kimoja cha alama za kinga na kingine cha kuona kongosho bado linatoa insulini kiasi gani, ila si rahisi kuvipata mjini kwetu na mara nyingi damu hutumwa mbali. Muulize daktari kama kuna njia. Lakini hao vijana wa kwenye utafiti nao walikuwa wakichomwa insulini, na mtoto aliyeingia hospitali akiwa na ketoni na fahamu zikipotea haachishwi nyumbani kwa kubahatisha. Kama siku moja itaonekana anahitaji matibabu tofauti, hilo litafanyika kwa vipimo, kukiwa na watu wa kumwangalia.

Maombi na majani nayaweka mbali na mbali. Ombeni. Sijawahi kumwambia mama aache kumwombea mtoto wake, na wengi wa wazazi ninaowajua wanashika chupa ya insulini mkononi huku wanaomba. Nenda kwa mchungaji, tena nenda na daftari la vipimo, umwonyeshe jinsi namba zilivyoshuka tangu sindano ya kwanza, umwombe akusaidie kumshukuru Mungu kwa dawa hiyo. Wachungaji wengi wakielezwa kwa heshima husikia, na akishasema yeye madhabahuni, minong'ono huisha. Majani ya mubirizi ni jambo jingine. Hatujui kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani, leo ni kizito, kesho ni chepesi, na mtoto ambaye tayari ameshuka hadi 58 hana nafasi ya kubahatisha. Na dawa ya kutapisha isimfikie tena kamwe, kwani mtoto mwenye ketoni anakuwa amekauka maji tayari. Mwambie shangazi kwa upole kwamba daktari ameomba. Mtupie lawama daktari, ndiyo kazi yetu.

Gharama ni mzigo wa kweli. Ulizia kwenye kitengo cha watoto cha hospitali kubwa za Bukavu kama wanapata msaada wa insulini na bandeleti za kupimia sukari kwa ajili ya watoto. Upo mpango wa kimataifa wenye makao yake Australia, Life for a Child, unaofanya kazi hiyo katika nchi nyingi zenye kipato kidogo, na unapitia kwenye kliniki, si kwa familia moja moja. Umeme ukikatika usitupe chupa. Chupa isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, lakini iliyofunguliwa hukaa vizuri nje ya friji kwa karibu wiki nne mahali pa baridi, na Bukavu, kwa urefu wetu wa mita zipatazo 1,500, tuna ubaridi wa kutosha. Watafiti waliofanya kazi na Madaktari Wasio na Mipaka walichunguza insulini kwa joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley nchini Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakakuta ilibaki na nguvu kwa wiki nne. Chungu cha udongo chenye maji pembeni kinatosha, chupa ikiwa ndani ya mfuko mkavu. Kinachoiharibu kabisa ni kuganda: usiigusishe na barafu. Na bomba la sindano liwe la insulini lililoandikwa yuniti 100 kwa mililita, sawa na chupa yake, si lolote linalopatikana kwenye farmasi ya mtaani. Nyakati hizi barabara na boti za Goma zinaweza kusimama bila taarifa, kwa hiyo jitahidi uwe na chupa moja ya akiba.

Chakula sitakirefusha: ale bugali, sombe, maharagi na sambaza pamoja na wenzake, kwa saa zinazoeleweka, na soda ibaki dawa ya sukari kushuka. Mwaka ujao au unaofuata ataanza kubalehe, na dozi inaweza kupanda hadi yuniti moja kwa kila kilo au zaidi. Ikifika hapo usidhani umefanya vibaya, homoni za ujana zinapingana na insulini. Daktari pia atampima tezi ya shingo mara kwa mara, maana kinga iliyokosea kwenye kongosho wakati mwingine hukosea huko pia.

Umesema umechoka kumchoma. Naamini. Mwanao ana miaka 11, anaweza kuanza kujichoma mwenyewe mbele yako: wewe unahakikisha alama kwenye bomba, yeye anachagua upande wa tumbo au paja. Usimwachie peke yake, hata akikuonyesha anaweza. Wengi wanaoachiwa mapema huruka sindano na kuficha. Na baba yake, au dada mkubwa, ajifunze pia, ili usiwe wewe tu kila asubuhi na kila jioni.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usiku ikibidi, ukiona mojawapo ya haya: anatapika zaidi ya mara moja, anaumwa tumbo, anahema kwa kina bila kukimbia, pumzi ina harufu ya matunda yaliyochacha, amelegea au anaongea visivyoeleweka, au sukari imepita 250 na haishuki baada ya dozi yake. Kama ana homa, apimwe malaria na sukari vyote viwili, na akiwekewa kwinini wakumbushe kwamba ina tabia ya kushusha sukari. Akikataa kula siku hiyo, insulini haiachwi. Piga simu wakuambie kiasi. Ukifika mapokezi sema kwanza "ana kisukari, anachomwa insulini", kabla ya kueleza homa, na uweke daftari mezani.